Kaya ya Mtu Mmoja

Tupokigwe alipata ajira ya kudumu akiwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla ya hapo alikuwa karani wa mkataba katika shule moja ya binafsi huko Tegeta, mwaka kwa mwaka, kwa miaka kumi na miwili, na kila Desemba alisubiri kuambiwa kama Januari arudi au asirudi. Alijua kuwa akishavuka arobaini na mitano serikali haitamchukua tena. Kwa hiyo tangazo la nafasi za maafisa watendaji wa mitaa lilipotoka aliomba, akaitwa kwenye usaili, akapangiwa Mtaa wa Mikoroshoni, Chamazi. Ukitoka Tegeta kwenda Chamazi, jiji zima la Dar es Salaam liko katikati.

Mume wake, Erasmus, alikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari ya serikali hapo hapo Tegeta. Walikuwa na watoto wawili wa kike: Hope, kidato cha pili, na Demetria, darasa la tatu. Nyumba yao waliijenga kwa miaka tisa, na chumba kimoja kilikuwa bado hakina dari.

"Chukua," Erasmus alimwambia siku barua ilipofika. "Mwaka ni mwaka tu. Ukishathibitishwa, utaomba uhamisho urudi huku."

Mtumishi mpya huwekwa kwenye majaribio kwa mwaka mmoja. Akithibitishwa, anakuwa mtumishi kamili na anaweza kuomba kuhamishwa. Asipothibitishwa, anarudi alikotoka. Alikotoka Tupokigwe hapakuwapo tena, kwa sababu ile shule ilishampata karani mwingine, msichana anayejua kompyuta.

Ofisi ya mtaa ilikuwa na vyumba viwili, kabati la chuma, na benchi barazani ambalo kuanzia saa mbili asubuhi lilikuwa limejaa. Kazi kubwa ilikuwa barua. Mtu anafungua akaunti benki, anataka barua ya serikali ya mtaa kwamba ni mkazi. Mtu ana ndugu yuko mahabusu Segerea, anataka kumdhamini, hakimu anataka barua ya mtaa yenye picha ya mdhamini na mhuri juu ya picha. Tupokigwe hakuandika barua ya mtu asiyemkuta kwenye daftari la wakazi. Watu walilalamika, kisha wakazoea.

Mwezi Juni alikuja bwana mmoja, fundi wa majokofu, akitaka barua ya udhamini.

"Unakaa nyumba ya nani?" Tupokigwe akamwuliza.

"Ya mjomba wangu, hapo nyuma ya msikiti."

"Unalala hapo?"

"Mama Mtendaji, kulala ndiyo nini? Nguo zangu ziko pale."

"Nguo siziandikii barua. Unalala wapi?"

"Mbagala. Lakini Mbagala nimepanga tu."

"Basi barua yako iko Mbagala."

Fundi akasimama, akaweka picha yake mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika barazani, "Na wewe mwenyewe unalala wapi, mama? Mbona ikifika saa kumi na moja tunaona mgongo tu?"

Watu wa kwenye benchi walicheka. Tupokigwe naye alicheka kidogo, akaita anayefuata. Barua hakuandika. Lakini swali lile alirudi nalo Tegeta.

Wiki tano baadaye halmashauri ilileta waraka wenye swali lile lile. Kila mtendaji alitakiwa kuishi ndani ya mtaa anaouhudumia. Walio kwenye majaribio walitakiwa kuwasilisha vitu vitatu kabla ya tarehe 30 Septemba: mkataba wa pango, nakala ya ukurasa wa daftari la wakazi unaoonyesha kaya ya mtumishi, na barua ya kuhama kutoka mtaa wake wa zamani. Asiyewasilisha hatathibitishwa. Tupokigwe aliusoma mara mbili, akaupiga kopi, akaweka nakala moja kwenye faili na nyingine kwenye mkoba.

Alipata chumba kwa Bi Wahiba, mjane mwenye duka la vitambaa, ambaye nyumba yake ilikuwa na ua mpana na vyumba vinne vya kupangisha.

"Uko peke yako?" Bi Wahiba alimwuliza.

"Peke yangu."

"Mume?"

"Yuko Tegeta."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mnasikilizana?"

"Tunasikilizana."

"Haya. Mie si mtu wa kuuliza."

Akampa ufunguo. Akauliza tena kesho yake, na keshokutwa.

Tupokigwe alihamia Jumatatu, tarehe nne Agosti, na godoro la futi tatu na nusu, jiko dogo la gesi, ndoo mbili na kiti kimoja. Siku za kazi alilala Chamazi. Ijumaa jioni alikwenda Tegeta, na Jumapili jioni alirudi. Mkataba wa pango alikuwa nao. Kilichobaki ni daftari.

Mtendaji hajiandiki mwenyewe kwenye daftari. Anayemwandika ni mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wa Mikoroshoni alikuwa Mzee Sultan, aliyekuwa amestaafu bandarini. Alikuwa tayari na kalamu siku ile ile.

"Nipe jina kamili, mama."

"Bado, mzee. Jina langu liko Tegeta. Mtu haandikwi mara mbili."

"Nani atajua?"

"Yule fundi wa majokofu akirudi, nitamwambia nini?"

Mzee Sultan akafunga kalamu yake. "Wewe una kazi ngumu," akasema, "na nyingine unajiongezea."

Ijumaa iliyofuata aliomba ruhusa mchana, akakutana na Erasmus nje ya ofisi ya mtaa wao wa Tegeta. Mtendaji wa pale, Adelard, walifahamiana naye kwenye semina. Barazani walikuwapo watu sita wakisubiri, mmoja wao Mama Editha, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, aliyekuja kumfuatilia shemeji yake barua ya kitambulisho. Walisalimiana, wao wakaingia. Mlango ulibaki wazi kwa sababu ya joto.

"Karibu, Mwalimu. Ishu ni nini?"

"Mke wangu anataka kufutwa," Erasmus akasema.

Adelard akainua kichwa. "Kufutwa wapi?"

"Kwenye daftari."

Tupokigwe akamwonyesha waraka. Adelard aliusoma upesi, akaurudisha. "Dada, wewe mwenyewe mtendaji. Jiandike kule, huku tuache ulivyo. Nani atakaa alinganishe daftari la Tegeta na la Chamazi?"

"Nimemkatalia mtu kwa jambo hilo hilo. Naomba unifute."

Adelard akatoa daftari, akafungua kaya namba 214. Mkuu wa kaya, Erasmus. Mstari wa pili, Tupokigwe, mke. Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu: "Sababu ya mwanakaya kuondolewa. Amefariki, hapana. Ameolewa, hapana. Ameachika?"

"Amehama," Erasmus akasema.

"Amehama na nani?"

"Peke yake."

"Kwa muda?"

"Daftari halina kwa muda," Tupokigwe akasema.

"Kweli halina. Basi mkuu wa kaya aandike kwamba ameridhia."

Erasmus akaandika maneno aliyotajiwa, akasaini, kisha akayasoma tena: nimeridhia mke wangu aondolewe kwenye kaya yangu. "Nimesahihisha mitihani miaka kumi na minane," akasema. "Sijawahi kuweka saini kwenye kitu kibaya namna hii."

Adelard akaweka rula chini ya jina la Tupokigwe, akaona si mahali pake, akaisogeza juu kidogo, akapiga mstari mwekundu katikati ya jina. Kisha akaandika barua, akagonga mhuri. Walipotoka, Mama Editha alisimama, akamshika Tupokigwe mikono yote miwili.

"Pole sana, Mama Hope."

"Asante, mama. Nimeshazoea," Tupokigwe akajibu, akifikiri anapewa pole ya foleni na safari ndefu.

Kesho yake, Jumamosi saa kumi jioni, Hope aliingia jikoni macho yamemtoka. "Mama, jumuiya nzima iko nje. Si zamu yetu wiki hii."

Walikuwa tisa. Walibeba chupa mbili za chai na hotpoti ya chapati, kwa kuwa kwenye nyumba yenye tatizo huendi mikono mitupu. Mbele yao alikuwa Mzee Revelian, amevaa koti. Revelian ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndoa ya Erasmus na Tupokigwe miaka kumi na saba iliyopita, na koti lile halivai ila kuna jambo. Waliingia, viti havikutosha, Hope akaleta ndoo na kuzifunika kanga. Wakasali. Sala ilikuwa ndefu na ilitaja uvumilivu mara nne.

"Sisi hatukuja kutafuta nani mkosaji," Mzee Revelian akaanza. "Ndoa ni chombo. Chombo kikipata ufa, kinazibwa kabla maji hayajaingia."

Erasmus na Tupokigwe wakatazamana.

"Shikamoo, mzee," Tupokigwe akasema. "Chombo gani?"

"Mama Hope," Mama Editha akaingilia kwa upole, "hakuna aibu hapa, sisi sote watu wazima. Hata mie mwaka wa tisa nilifungasha. Nilifika stendi, nikakumbuka nimeacha maharage jikoni, nikarudi. Mpaka leo niko."

"Lakini mimi sijafungasha."

"Jamani, mhuri nimeuona kwa macho yangu!"

Mzee Revelian akamgeukia Erasmus. "Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Kwamba aondoke?"

"Kwamba aondolewe."

"Mbele ya serikali?"

"Mbele ya Adelard."

"Adelard ndiye serikali! Mwanangu, mbona hukunipigia hata simu?"

Tupokigwe alijaribu kueleza. Alieleza majaribio, waraka, vitu vitatu, tarehe 30. Wale akina mama walitikisa vichwa kwa huruma, maana hivyo hasa ndivyo mwanamke aliyeachwa angeeleza. Mmoja alisema hata binti wa dada yake alisema ni mambo ya kazi. Mwishowe Tupokigwe alikwenda kuleta nakala ya waraka kutoka kwenye mkoba. Mzee Revelian akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti, pamoja na kumbukumbu namba na orodha ya waliopewa nakala. Alipomaliza, akavua miwani.

"Kwa hiyo hamjagombana," Mama Editha akasema.

"Hatujagombana."

"Hata kidogo?"

"Jumapili aliunguza mboga," Erasmus akasema, na sebule nzima ikacheka, na mtu akafungua hotpoti ya chapati.

Ingekwisha hapo. Lakini Erasmus hakuchukua chapati. Alikaa ameshika kikombe, kisha akasema, "Ila kwa kuwa mmekuja, niseme. Mmekosea habari, lakini hamjakosea nyumba. Jumatatu mpaka Ijumaa humu hamna mama. Demetria anasukwa nywele kwa jirani. Hope akirudi shule ndiye anapika. Mimi nilijiambia ni mwaka mmoja, akithibitishwa atarudi. Sasa jana Adelard alipopiga ule mstari, nikaanza kuhesabu. Uhamisho wa kuja huku Kinondoni kila mtu anautaka. Nawafahamu watu wana mwaka wa sita wanasubiri."

Hilo Tupokigwe alilijua tangu mwezi wa tatu. Alilisikia kwa watendaji wenzake, akalinyamazia. Erasmus naye, kumbe, alilinyamazia.

"Ukisema niache kazi, nitaacha," Tupokigwe akasema. Sauti yake haikubadilika, lakini Mama Editha aliweka kikombe chini.

"Sijasema uache."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema sijui itaisha lini."

Mzee Revelian alivua koti, akalilaza kwenye magoti. "Hapa hakuna mkosaji kweli," akasema. "Wawili hawa, kazi mbili, jiji moja. Lazima mmoja amfuate mwenzake. Nani anamfuata nani?"

Katika watu wale kumi na mmoja, kila mmoja alikuwa anajua jibu la kawaida ni lipi, na kila mmoja aliona kwamba jibu hilo lingemrudisha Tupokigwe nyumbani akiwa na miaka arobaini na miwili na bila kazi.

Hope, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akasema, "Mtihani wangu ni Novemba. Msinihamishe kabla ya hapo."

Watu wakageuka. Mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa ametaja kuhamisha mtoto.

"Baada ya hapo?" baba yake akamwuliza.

"Baada ya hapo sawa. Kule kuna uwanja wa mpira."

Wageni walipokuwa wanaaga, Mama Editha alimvuta Tupokigwe pembeni. Aliona haya kwa yale ya mhuri, lakini alikuwa na la kikazi pia. "Na sie kwenye daftari la jumuiya, tukufute?"

"Msinifute, mama."

"Basi michango ya misiba utaendelea kuleta."

"Nitaleta."

Jumatatu ile Erasmus alikwenda ofisi ya elimu kuchukua fomu ya uhamisho. Kwenye sababu aliandika: kumfuata mwenza. Ofisa aliyeipokea aliisoma akiwa na kalamu mdomoni.

"Mwenza yuko Chamazi."

"Ndiyo."

"Mume wake ndiye mtumishi huko?"

"Mume wake ni mimi."

"Ninachouliza, nani ana kituo cha kazi Chamazi?"

"Yeye. Ni mtendaji wa mtaa. Mimi ndiye namfuata."

Ofisa akatoa kalamu mdomoni. "Mwalimu, nina mafaili ya kumfuata mwenza mpaka darini. Yote ya wanawake." Akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaongeza, "Una bahati somo lako ni hesabu. Kule hawana."

Majibu hayakuwa na tarehe. Wakati huo huo walibadilisha safari za mwisho wa wiki: badala ya Tupokigwe kwenda Tegeta, Erasmus na watoto walikuja Chamazi kila Ijumaa. Mara ya kwanza, tarehe 22 Agosti, Bi Wahiba aliwakuta uani na godoro la kukunja.

"Hawa nani?"

"Mume wangu na wanangu."

"Uliniambia uko peke yako."

"Niko peke yangu. Wao wanaondoka Jumapili."

Bi Wahiba alimtazama Erasmus kuanzia viatu. "Kumbe yupo kweli," akasema. "Karibu, baba. Mie siulizi. Lakini kwenye mkutano wa mtaa mkeo alituhutubia robo saa, mgeni anayelala aandikwe. Asije akatupa amri sisi, yeye zisimhusu."

Ni kweli alihutubia. Mtaa ulikuwa na daftari la wageni, lililoanzishwa baada ya wizi wa mwaka juzi, na wenyeji wengi walikuwa wamelisahau mpaka Tupokigwe alipolifufua. Basi jioni ile ile waliongozana wote wanne hadi kwa Mzee Sultan. Yeye alikuwa anayatunza madaftari yote mawili nyumbani kwake ofisi ikishafungwa.

Kwanza alifungua la wakazi, maana barua ya Adelard ilikuwa imepatikana. "Mkuu wa kaya?"

"Mimi," Tupokigwe akasema.

"Idadi ya wanakaya." Akawaangalia waliosimama nyuma yake. "Wanne. Vizuri. Manispaa wanapenda kaya iliyojaa."

"Mmoja, mzee."

"Mama, hawa si watu?"

"Jumanne hawalali hapa."

"Nani atakuja Jumanne kuwahesabu? Nasikia wenzako wa mitaa mingine wameandika mpaka mama wakwe. Kaya ya mtu mmoja itaonekana chumba cha kuzugia."

Tupokigwe alisita. Hilo nalo alilisikia. Erasmus alikuwa anamwangalia.

"Andika mmoja."

Mzee Sultan akaandika mmoja, akashusha pumzi, akavuta daftari la wageni. "Jina? Anatoka? Uhusiano na mwenyeji?"

"Mume," Erasmus akasema.

"Sababu ya kuja?"

Erasmus akafikiri. "Andika kusalimia."

"Mwanamume mzima, umevuka jiji na godoro kichwani, kumsalimia mkeo!" Mzee Sultan alicheka mpaka akakohoa. Akaandika: kusalimia. Siku: mbili.

Walifanya hivyo kila Ijumaa. Tupokigwe alipeleka nakala zake halmashauri wiki ya kwanza ya Septemba, na baada ya hapo hakuwa na la kufanya ila kusubiri ukaguzi. Usiku wa siku za kazi alikuwa akifikiria ule ukurasa wenye mstari mmoja. Ulionekana mwembamba kweli.

Mkaguzi alikuja Jumatano tarehe 24, bila taarifa. Alikuwa afisa utumishi, Margareta, mwanamke wa umri wake, mwenye orodha ndefu kwenye ubao wa kuandikia. Alitaka kuona chumba. Aliangalia godoro, jiko, ndoo mbili, kiti. Bi Wahiba alikuja akasimama mlangoni bila kuitwa.

"Mkataba upo, barua ya kuhama ipo," Margareta akasema. "Ila hizi kaya za mtu mmoja, dada yangu, ndizo zinazonisumbua. Mtu anapanga chumba, anaweka godoro, anatia kufuli, anarudi kwake. Una mume?"

"Ninaye."

"Watoto?"

"Wawili."

"Wako wapi?"

Angeweza kusema wako shule, na isingekuwa uongo; ilikuwa saa nne asubuhi. "Wako Tegeta," akasema. "Wanakuja Ijumaa, wanaondoka Jumapili."

"Nani anathibitisha?"

"Mie nathibitisha," Bi Wahiba akasema. "Huyo baba anakoroma mpaka chumbani kwangu inafika."

"Hiyo siwezi kuiandika, mama."

"Basi andika anasaidia kuchota maji."

Tupokigwe alimwambia wapitie ofisini. Huko alimfungulia daftari la wageni. Hakulitoa kwa hila. Lilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho chenye tarehe. Margareta alishusha kidole kwenye ukurasa. Tarehe 22 Agosti, Erasmus, kutoka Tegeta, mume, kusalimia. Tarehe 29, kusalimia. Tarehe 5, tarehe 12, tarehe 19. Katikati yake kulikuwa na wageni wa watu wengine: shangazi wa Tanga aliyekuja matibabu, vijana wawili wa harusi, fundi wa kisima.

"Mume wako umemwandika mgeni?"

"Analala siku mbili. Mkazi ni anayelala hapa."

"Yeye hakukasirika?"

"Alisema somo lake ni hesabu, anaelewa."

Margareta hakutabasamu. Aliupiga picha ukurasa kwa simu, akafunua nyuma kurasa nne, akapiga picha nyingine, akaandika kitu kwenye orodha yake, akaaga. Tupokigwe hakuona alichoandika.

Barua ilifika ofisi ya kata wiki tatu baadaye. Ilikuwa na aya mbili. Amethibitishwa kazini kuanzia tarehe fulani. Haikutaja chumba wala daftari. Alimpigia Erasmus, hakupokea kwa sababu alikuwa darasani. Akapiga tena saa nane.

"Imetoka?"

"Imetoka."

Alimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakisogeza madawati. "Hongera, Mama Hope. Sasa una haki ya kuomba uhamisho urudi."

"Ninayo."

"Na fomu yangu mimi iko njiani kuja huko."

Wote wawili waliliona kwa pamoja. Wakipewa wote, yeye angefika Tegeta siku Erasmus anafika Chamazi. Tupokigwe alianza kucheka, akaweka mkono mdomoni kwa ajili ya watu wa kwenye benchi.

"Nisijaze yangu?" akauliza alipotulia.

Kule Erasmus alikokuwa, nyumba ya miaka tisa ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka darasani kwake. "Unapenda kazi ya hapo?"

"Naipenda."

"Basi usijaze. Nyumba tutapangisha. Ila nimalize kwanza kile chumba, siwezi kumpangishia mtu chumba bila dari."

Hope alifanya mtihani wake. Uhamisho wa Erasmus ulitoka mwanzoni mwa Desemba, kwa sababu shule mpya huko Chamazi ilikuwa na walimu wanne wa Kiswahili na wa hesabu hakuna. Adelard alifuta kaya namba 214 yote kwa mstari mmoja wa kukatisha ukurasa, akasema hajawahi kumfuta mtu akiwa anacheka. Mama Editha na jumuiya walisaidia kupakia vyombo. Bi Wahiba aliwaongezea chumba cha pili, na kuhusu hilo aliuliza maswali kumi.

Walikwenda kwa Mzee Sultan wote wanne. Kwa mazoea akafungua daftari la wageni.

"Hilo funga, mzee," Erasmus akasema, akampa barua.

Mzee Sultan akaisoma, akatafuta ukurasa wa wakazi wenye mstari mmoja. Akashika rula, lakini hakuiweka. "Mkuu wa kaya nibadilishe, niweke wewe, Mwalimu?"

Erasmus aliutazama ukurasa. Hope na Demetria walikuwa wanautazama pia.

"Mwulize mwenye kaya," akasema.

Mzee Sultan akamgeukia Tupokigwe.

"Acha ilivyo," akasema. "Mume mwandike mstari wa pili. Watoto wafuate. Idadi, weka wanne."

Mzee Sultan akakata neno mmoja, akaandika wanne, akaweka saini yake ndogo pembeni, kama mtendaji alivyomfundisha kufanya kila anaposahihisha.